Kompyuta ya Chama Inapokataa Kuamka

Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika mbele ya makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vya msingi vya Bukoba na Muleba



Najua kwamba wengi wenu mlitazamia nizungumzie ufungaji wa hesabu za msimu kama ilivyo desturi yangu, na naona wengine mmekuja na leja kwapani mkidhani nitaziomba. Leo zibaki zimefungwa. Nimemwomba Mwenyekiti ruhusa ya kusema juu ya jambo jingine, ambalo siku hizi linaniletea simu nyingi kuliko upungufu wa kahawa ghalani. Nalo ni hili: kompyuta ya chama hubadilishiwa mfumo wake na fundi, au kama wasemavyo vijana, "hupigwa Windows", kisha inapowashwa taa zake zinawaka, feni inazunguka, lakini kazi haifanyiki. Katika kioo hutokea maneno meupe machache juu ya weusi, basi.

Kabla sijaendelea, nikiri mambo mawili. Kwanza, mimi si fundi wa kompyuta. Nilimaliza sekondari, nikajifunza utunzaji wa vitabu vya hesabu, na mashine hizi nimezijua ukubwani kwa kuwauliza waliozaliwa nyuma yangu. Pili, katika kisa nitakachowasimulia, mmoja wa waliokosea ni mimi mwenyewe. Nitalitaja kosa hilo mahali pake.

Wala tusidhani kwamba mashine hizi zimeanza kutusumbua sisi wa Kagera. Kompyuta ya kwanza katika nchi yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965 kwa ajili ya hesabu za Serikali. Matunda yaliyotarajiwa hayakupatikana, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikwisha zamani. Leo Katibu wa chama cha msingi anatakiwa kupeleka taarifa zake katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU, ulioletwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Na kabla hajafika huko, kilo za kahawa, makato ya pembejeo na orodha ya malipo ya kupeleka benki vyote vinapitia katika mashine iliyo mezani pake. Kwa hiyo mashine ikilala, mkulima analala na njaa ya fedha zake.

Kwa nini mafundi wamekuwa na kazi nyingi hivi karibuni? Sababu kubwa ni kwamba kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masahihisho ya bure kwa mfumo wake wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025. Mfumo ule haukuzimika siku hiyo, lakini kompyuta ambayo haikuandikishwa kwa masahihisho ya nyongeza ilibaki kama ghala ambalo mlinzi wake ameachishwa kazi: mlango upo, kufuli ipo, ila hakuna anayezunguka usiku. Vyama vingi vikakimbilia kubadilisha. Windows 11 nayo ina masharti: inataka kompyuta yenye chembe ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, na kwa kawaida mashine iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2018 hivi. Nyingi katika vyama vyetu ni za zamani zaidi, zimenunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika kwingine. Mafundi wana njia zao za kuuweka mfumo mpya hata humo, na katika kupitapita njia hizo ndipo mambo huharibika.

Sasa kisa. Kilitokea katika chama kimoja cha Wilaya ya Muleba. Jina sitalitaja, na kama wenye chama wamo humu ndani nawaomba wasicheke mapema wakajitambulisha.

Mwanzoni mwa Septemba 2025, bodi ya chama hicho iliamua kuwahi tarehe niliyoitaja. Fundi akaitwa. Kijana yule alifanya kazi yake kwa adabu: alitoa taarifa zote za chama akaziweka katika diski yake ya mkononi, akasafisha diski ya kompyuta, akaweka mfumo mpya, kisha akazirudisha taarifa. Mashine ikaamka. Katibu wa chama, ambaye ni mama mwangalifu sana, akaendelea kuingiza kilo za maganda kwa muda wa siku kumi na moja. Na kwa kuwa "sasa tuna kompyuta", leja ya mkono ilikuwa imeachwa tangu mwezi Juni. Likumbukeni hilo.

Mvua zikaanza. Jumamosi moja radi zilipiga mfululizo, na mama yule, kwa uangalifu wake, akauchomoa waya wa kompyuta ukutani hadi Jumatatu. Jumatatu asubuhi akauchomeka, akabonyeza, taa zikawaka. Kioo kikaandika kwa Kiingereza kwamba hakuna kifaa cha kuanzia kilichoonekana.

Akamwita fundi. Fundi akatazama dakika chache akasema mfumo umeharibika, hana budi kusafisha na kuuweka upya. Hapo Katibu akanipigia simu. "Ndugu Mkaguzi, kijana anasema asafishe tena. Nifanyeje?" Nilikuwa kikaoni mjini Bukoba, nimetoka mlangoni kwa haraka, na jibu langu lilikuwa fupi: "Mwache fundi afanye kazi yake, yeye ndiye mwenye ujuzi." Nikarudi kikaoni.

Ndugu zangu, hilo ndilo kosa langu. Palikuwa na swali moja tu la kuuliza, ambalo halihitaji ujuzi wowote wa kompyuta, na mkaguzi yeyote angepaswa kuwa nalo mdomoni: "Taarifa za chama ziko wapi hivi sasa?" Ningeliuliza, fundi angejibu kwamba nakala aliyoichukua mara ya kwanza alikwisha kuifuta ili apate nafasi ya kazi ya mteja mwingine, na kwamba taarifa zote zimo katika diski ile ile aliyokusudia kuisafisha. Sikuuliza. Diski ikasafishwa. Mfumo ukawekwa, mashine ikaamka mbele ya macho ya mwenyekiti na Katibu, fundi akalipwa. Jioni radi zikaanza tena, Katibu akachomoa waya, na Jumanne asubuhi kioo kikaandika maneno yale yale.

Nilifika Alhamisi. Fundi alikuwapo, safari hii akidai diski imekufa na inunuliwe mpya. Nikamwomba anifungulie ukurasa wa mipangilio ya mashine, ule unaofunguliwa kwa kubonyeza kitufe fulani mara tu unapowasha, na anionyeshe kila kitu humo taratibu kama anayemfundisha mtoto. Nilielewa maneno machache. Lakini mkaguzi ana mazoea yake: mbele ya karatasi yoyote, huangalia tarehe kabla ya kuangalia kiasi. Juu ya ukurasa ule palikuwa na tarehe ya 1 Januari, 2013.

Nikamwuliza, "Kijana, mashine hii inadhani leo ni lini?" Akanyamaza, kisha akacheka kwa aibu, akachukua bisibisi. Ndani ya kompyuta, juu ya ubao wake mkuu, pana betri ndogo ya duara kama sarafu, ya volti 3, iliyoandikwa CR2032. Ilikuwa imekwisha. Tuliinunua nyingine kwa fedha pungufu ya nauli ya kutoka Muleba kwenda Bukoba. Fundi akaweka tarehe, akarekebisha mpangilio mmoja, akauhifadhi, na mashine ikaamka bila kusafishwa chochote. Tukachomoa waya kwa saa nzima tukinywa chai. Tukachomeka. Ikaamka.

Maana yake ni kwamba hata Jumatatu ile ya kwanza, taarifa zote za wanachama zilikuwa salama ndani ya diski, zima kabisa, bila kupungua kilo moja. Sisi ndio tuliozifuta.

Ngoja nieleze kilichotokea kwa kadiri nilivyofundishwa, kwa sababu Katibu anayeuelewa mwendo huu hatishwi kwa urahisi. Kuwaka ni jambo moja, na kuamka ni jambo jingine. Unapobonyeza kitufe, Windows haiko kazini bado. Anayeamka kwanza ni programu ndogo iliyotiwa ndani ya ubao mkuu tangu kiwandani. Katika mashine za zamani huitwa BIOS, na katika mashine mpya UEFI. Mfikirieni kama mtunza ghala anayefika alfajiri peke yake. Hukagua kama kibodi ipo, kama kumbukumbu za muda zipo, kama diski zipo. Kisha hutazama orodha aliyopewa: leo uanze na mlango upi? Akiuona mlango na ufunguo ukikubali, hufungua na kumkabidhi kazi Windows, naye huondoka. Asipouona, huandika kwamba hakuna kifaa cha kuanzia. Hajasema kahawa imeibwa. Amesema tu kwamba hakuuona mlango.

Orodha ya mtunza ghala huyo, pamoja na saa yake, katika mashine nyingi za umri ule hushikiliwa na ile betri ya sarafu pale umeme wa ukutani unapokosekana. Betri ikifa, kila waya unapochomolewa yeye husahau yote na kurudia maagizo ya kiwandani. Ndiyo maana mashine iliamka mbele ya bodi na kukataa asubuhi. Uangalifu wa Katibu juu ya radi haukuwa kosa hata kidogo. Ulitufunulia ugonjwa uliokuwamo.

Sasa ule mpangilio mmoja. Ziko namna mbili za kuandika mgawanyo wa diski. Ya zamani, iitwayo MBR, imetoka miaka ya 1980, na haiwezi kutumia diski inayozidi terabaiti 2. Ya sasa huitwa GPT. Mtunza ghala wa kizamani husoma daftari la kizamani, na wa kisasa huanzia katika daftari la kisasa. Mashine nyingi za katikati zina uwezo wa kufuata mwendo wowote kati ya miwili hiyo, kutegemea zilivyopangwa. Fundi wetu aliweka mfumo mpya kwa mwendo wa kisasa. Betri ilipokufa, mashine ikarudi katika mwendo wa kizamani, ikalitazama daftari la kisasa, isielewe kitu. Nimekwisha kuona kisa hiki kwa sura ya pili vilevile: flashi ya kuwekea mfumo imetengenezwa kwa mwendo mmoja na kompyuta ya chama imepangwa kwa mwingine, kazi inakwenda vizuri hadi mwisho, na mashine inapojizima na kujiwasha haioni kitu. Dawa yake ni kurudi katika ukurasa wa mipangilio na kubadili mwendo. Ni kazi ya dakika tano, na diski haiguswi.

Pana sababu nyingine nyepesi zaidi, hata nasita kuzitaja mbele ya watu wazima, lakini zimenisafirisha hadi Kamachumu kwa mambo ya dakika moja. Flashi ya fundi imesahaulika ikiwa imechomekwa nyuma ya kompyuta, na mtunza ghala anajaribu kuanzia huko. Itoeni, muwashe upya. Au kompyuta ina diski mbili, na orodha inaanza na ile isiyo na mfumo. Au mashine imepakiwa katika gari pamoja na magunia, na waya wa diski umelegea njiani. Fundi afungue, akandamize waya pande zote mbili, kabla hajatangaza kifo cha diski. Ukitaka kuchagua mwenyewe mlango wa kuanzia kwa mara moja, katika kompyuta za Dell na nyingi za Lenovo ni kitufe cha F12, na katika HP ni F9, kikibonyezwa mara kwa mara tangu sekunde ya kwanza. Orodha ikitokea na jina la diski yenu limo, basi diski inaonekana na ina uhai. Kama jina halimo kabisa, hapo ndipo neno la fundi kuhusu diski linastahili kusikilizwa, na bado si mwisho wa safari.

Nasisitiza maneno ya kwenye kioo. Makatibu wengi hunipigia wakisema, "imeandika Kiingereza fulani." Hilo halinisaidii, wala halimsaidii fundi. Chukueni kalamu, nakilini herufi kwa herufi kama mnavyonakili namba ya hundi, au pigeni picha kwa simu. Kutoona kifaa cha kuanzia ni ugonjwa mmoja. Kioo cha buluu chenye maneno yasemayo kwamba Windows imeshindwa kuifikia diski yake ya kuanzia ni mwingine. Hapo Windows imekwisha kuanza kazi ikaanguka, na mara nyingi chanzo ni mpangilio wa namna diski inavyosomwa kubadilika, tena kwa sababu ya betri hiyo hiyo. Milio mifupi mifupi bila picha yoyote ni wa tatu, nao aghalabu huhusu vipande vya kumbukumbu ya muda au sehemu nyingine za ubao. Fundi mzuri atakuuliza maneno hayo kabla hajashika bisibisi. Asiyeuliza, nawe jiulize.

Ikiwa mipangilio iko sawa na bado mashine haiamki, flashi ile ile ya kuwekea mfumo ina njia mbili ndani yake: ya kuweka upya, na ya kutengeneza ulioko. Ya pili hujaribu kurudisha njia ya kuanzia bila kugusa taarifa. Fundi mwenye haraka huikwepa kwa kuwa kuweka upya ni kazi anayoijua kwa moyo. Nawe una haki ya kumwambia ajaribu hiyo kwanza.

Na ikiwa hakuna budi kusafisha, basi taarifa zitolewe kwanza. Hili linawezekana hata kama kompyuta haiamki. Diski huchomolewa ikaunganishwa na kompyuta nyingine kwa waya maalumu, au mashine huanzishwa kwa flashi yenye mfumo wa Linux unaofanya kazi bila kuwekwa katika diski, na mafaili yakanakiliwa. Nimeona kwa macho yangu kazi hiyo ikifanywa na kijana wa kidato cha sita mjini Bukoba kwa muda usiofika saa mbili. Ikitokea bahati mbaya diski imekwisha kusafishwa, zimeni mashine papo hapo, msiandike kitu kingine juu yake, kwa kuwa kinachofutwa mara nyingi huwa bado kimo hadi kifunikwe na kingine. Kwa diski mpya zisizozunguka, ziitwazo SSD, matumaini hayo ni madogo sana, kwa sababu zenyewe husafisha nafasi iliyofutwa.

Kuna mtego mwingine uliokuja na mifumo mipya. Baadhi ya kompyuta zenye Windows 11 hufunga diski kwa siri, na ukibadili mipangilio ya ubao mkuu, au ukiitoa diski na kuichomeka kwingine, hudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo ukikosekana, hata mtaalamu wa Dar es Salaam hatakusaidia. Ulizeni leo kama diski yenu imefungwa hivyo, na kama ndivyo, tarakimu ziandikwe katika karatasi na kufungiwa ndani ya sefu pamoja na hati za chama. Msiziandike ndani ya kompyuta yenyewe. Nacheka, lakini nimewahi kukuta.

Nirudi Muleba, maana kisa hakikuishia katika betri. Mashine ilikuwa imepona na tupu. Kilichotuokoa ni vitabu vya stakabadhi. Mama yule, pamoja na kuacha leja, hakuwahi kupokea gunia bila kukata stakabadhi, na nakala za kaboni zilikuwa kabatini, zimefungwa kwa kamba mwezi kwa mwezi. Tulikaa usiku kadhaa, yeye, mwenyekiti, karani wa mizani na mimi, tukisoma stakabadhi moja moja, huyu anasoma, yule anaandika. Kaboni ya mwezi Julai ilikuwa imefifia, ikabidi tuwaite wanachama walete nakala zao. Umeme ulikatika mara mbili tukaendelea kwa taa ya simu.

Malipo yakachelewa karibu wiki tatu. Alikuwapo mzee mmoja aliyekuja kila asubuhi na stakabadhi zake ndani ya mfuko wa nailoni, amezikunja vizuri, akasimama mlangoni bila kugombana na mtu. Hakutaka maelezo ya betri. Alikuwa na mjukuu aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya michango ya shule. Siku tulipomlipa alizihesabu fedha, akashukuru, kisha akatuambia kwa utulivu kwamba sehemu ya kahawa yake ya msimu uliofuata haitakuja chamani. Alikuwa ameiuza butura, ingali maua mtini, kwa bei mnayoweza kuikisia. Kila mwaka tunazunguka vijijini tukihubiri dhidi ya butura, na safari hiyo aliyemsukuma mkulima kwenye butura alikuwa ni sisi, kwa simu moja iliyojibiwa kwa haraka.

Kwa hiyo nina maombi, na nitayaomba kama mkaguzi, yaani nitakapofika vyamani mwenu nitayauliza.

Nitaomba kuona hati ya kazi ya fundi. Karatasi moja inatosha: tarehe, maneno yaliyoonekana kwenye kioo, kazi aliyoombwa, na sentensi isemayo kwamba hakuna diski itakayosafishwa kabla nakala ya taarifa haijaonekana ikifunguka katika kompyuta nyingine mbele ya Katibu na mjumbe mmoja wa bodi. Kuona faili lina jina hakutoshi, lifunguliwe, lisomwe. Daftari la wanachama na orodha ya malipo ni vitabu vya chama. Hakuna Katibu humu ambaye angemruhusu mtu achome leja kwa sababu kabati limekwama kufunguka. Kusafisha diski ni jambo la namna hiyo hiyo, na uamuzi wake ni wa bodi, si wa fundi wala wa mkaguzi aliye kwenye simu.

Nitauliza pia nakala ya pili iko nyumba gani. Sisemi chumba gani. Tarehe 10 Septemba, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipobomoa majengo mjini Bukoba na vijijini, tulijifunza kwamba kabati na nakala yake vikiwa chini ya paa moja hufukiwa pamoja. Flashi iliyotiwa taarifa za wiki kila Ijumaa ikakaa kwa mwenyekiti au katika sefu ya jirani ni kinga ya kutosha kwa chama kidogo. Yaliyokwisha kuingizwa MUVU yamehifadhiwa mbali na hapa, hayapotei kwa diski yenu kufa. Lakini makatibu mnajua vizuri kuliko mimi ni mangapi yanayobaki mezani kwa siku nyingi yakisubiri mtandao utulie.

Juu ya leja ya mkono najua tutabishana. Vijana wataniambia kwamba ni kurudi nyuma. Sidai kila kitu kiandikwe mara mbili mwaka mzima. Nadai kwamba wakati wa kupokea kahawa, jumla ya kila siku kwa kila mwanachama ichapishwe au iandikwe, itiwe sahihi na karani wa mizani na Katibu, ifungwe kwenye faili. Kule Muleba jumla hizo zingekuwapo, kazi yetu ya usiku kadhaa ingekuwa ya jioni moja.

Kuhusu umeme, mkoa wetu umeishi miaka mingi kwa umeme uliovutwa kutoka Masaka, nchini Uganda, na kukatika kwake tumekuzoea kama mvua. Chomoeni waya radi zinapopiga, msiache. Ila mkiona saa ya kompyuta imerudi nyuma miaka kila asubuhi, msingojee ikatae kuamka. Badilisheni betri siku hiyo hiyo, na kabla ya kuitoa, andikeni au pigeni picha kurasa zote za mipangilio ili mzirudishe kama zilivyokuwa. Nimekuja na betri chache mfukoni. Si za kuuza, ni za kuwaonyesha umbo lake msije mkapewa nyembamba zisizokaa sawa.

Yule kijana fundi bado anafanya kazi na chama kile. Baadhi ya wajumbe walitaka afukuzwe, na nilipinga, kwa kuwa hakutudanganya, tena siku hizi swali lake la kwanza ni tarehe.

Nimeambiwa kwamba kuna vyama vitatu vilivyokuja na kompyuta zisizoamka, mbili zimo katika gari la chama hapo nje na moja iko mapokezi. Wahusika wabaki baada ya chai. Waje na waya wa umeme, karatasi yenye maneno ya kwenye kioo, na kitabu cha stakabadhi cha mwisho. Fundi hatagusa kitu mpaka tumejua taarifa ziko wapi.